Jina Kwenye Kikapu cha Fedha

Herufi ya H ndiyo iliyonitia shaka kwanza. Kwenye mkono wa kikapu cha fedha cha marehemu mama lilichongwa jina lake, Esther, kwa mwandiko wa madoido. Jumapili hiyo nilikuwa nikipanga keki kwenye bakuli la kioo cha buluu linalokaa ndani ya kikapu, nikapitisha kidole juu ya jina. H ilikuwa imefifia kama chaki iliyofutwa kwa kiganja.

Tuliishi Sheffield, mji ambao nusu ya watu wake walipata riziki kwa kutengeneza visu na vyombo vya fedha. Baba yangu, Amos Staniforth, alikuwa msuguaji wa vyombo hivyo karakanani, na kikapu kile kilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa wenzake. Mama alipofariki hatukukaa sana, baba akamleta Bi Keziah. Mwanamke mrefu, mkimya, asiyejua kujipendekeza. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na ukimya wake niliuhesabu kuwa hila.

"Mama wa kambo si mama," mama mdogo Tabitha alininong'oneza jikoni. "Anamfuta dada yangu, Lettie. Leo jina, kesho picha ukutani. Fumbua macho, wewe!"

Nikayafumbua, tena yakanitoka pima. Kila Jumamosi nikirudi kutoka kazini nilikikuta kikapu kinameremeta, na sebule, ambayo haikuingiwa ila Jumapili na siku za msiba, inanuka mafuta. S ikafuata H. Siku moja nikapekua kapu la ushonaji la Bi Keziah, na chini ya nyuzi nikakuta kopo la unga mwekundu, ule wasuguaji wanaoutumia kutia mng'aro wa mwisho. Loo! Kikulacho ki nguoni mwako.

Sikungoja. Jumapili, baba akiwa mezani, nililiweka kopo kando ya birika.

"Bi Keziah, hili linatafuta nini kwenye kapu lako?"

Akalitazama. "Nililificha."

"Ulimficha nani?"

"Kunywa chai, mwanangu. Inapoa."

"Mimi si mwanao! Kwanza unamfuta mama yangu, kisha unaniita mwanangu?"

Bi Keziah alimtazama baba, na si kwa kumwomba msaada. Alimtazama kama mtu anayemzuia mwenzake asiinuke. Baba alikuwa ameweka kikombe chini. Kifua kilikuwa kimemwandama tangu majira ya baridi, karakanani hakuwa akienda tena. Nami nikaona kidole gumba chake. Katika nyufa za ngozi, ukingoni mwa ukucha, palikuwa na wekundu mbichi.

"Mwache, Lettie," alisema. "Ni mimi."

"Amos," Bi Keziah akasema taratibu.

"Ni mimi. Nilitaka king'ae kama siku ile tulipopewa."

Mtu aliyewafundisha vijana wa karakana nzima kwamba kila msuguo huondoka na kitu! Alijua kuliko mtu yeyote mjini, na bado kila Jumamosi alikaa na kitambaa chake, akimsugua mkewe hadi akamwondoa. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja.

"Kopo la kwanza nililitupa," Bi Keziah alisema, akiniongezea chai kwenye kikombe nilichokuwa sijakimaliza. "Akanunua jingine. Hili nikalificha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mzazi umebaki na mmoja tu, baba yako. Mimi ulikuwa umeshanichukia."

Nilikunywa chai ile, ya moto hivyo hivyo.

Baba hakuvuka majira mengine ya baridi. Siku ya maziko, kabla wageni hawajaingia kula nyama na keki, mama mdogo Tabitha alikitoa kikapu kabatini. Hakikuwa kimeguswa kwa miezi, na fedha ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Kwenye mkono zilibaki E na T, na R kwa mbali.

"Aibu gani hii!" akasema, akikunja kitambaa. "Nyumba ya msuguaji! Nipeni unga nikisafishe, watu wasituseme."

"Usikiguse!"

Tulisema pamoja, mimi na Bi Keziah, kwa sauti moja. Mama mdogo akatutazama kwa zamu, mdomo wazi. Bi Keziah akakichukua kikapu kutoka mkononi mwa mama mdogo, mimi nikashika bakuli la kioo, tukakipeleka mezani kilivyo.