Bakuli la Hakimu

Mara ya kwanza Fundi alipoona mbegu ya nyanya kwenye matapishi ya paka, aliipangusa tu. Mara ya pili aliichukua kwa karatasi, akaikunja, akaitia kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo, iwe ushahidi. Nyumba hiyo paka hapewi nyanya. Paka ana chakula chake, na chakula chake hakina nyanya, hakina chumvi, hakina hata harufu ya kitunguu. Sasa mbegu imetoka wapi? Imeota tumboni?

Paka mwenyewe aliitwa Hakimu, kwa tabia yake ya kukaa juu ya kabati na kuwatazama wateja kama watu waliokwisha kupatikana na hatia. Alikuwa na miaka kumi na moja pale nyumbani, na mwaka huu tumbo lake lilikuwa limemkataa. Leo anaharisha, kesho anatapika, keshokutwa yote mawili, mpaka ngozi ikamning'inia kama koti la kuazima. Daktari wa mifugo, mwanamke mkavu asiyependa maneno mengi, alimpima kila upande akasema utumbo umevimba na utabaki umevimba.

"Huu hauponi, unatunzwa," alisema. "Kidonge asubuhi na jioni. Kifua cha kuku, kichemshwe kwa maji matupu, gramu arobaini mara tatu kwa siku. Kingine chochote, hata alie vipi, usimpe. Sasa ana kilo mbili na gramu mia sita. Akishuka chini ya mbili na robo, dada, tutakuwa tunamtesa tu. Hapo mlete tumpumzishe kwa sindano."

Tuseme ukweli bila kuona haya: Fundi alimpenda paka yule. Mumewe ni dereva wa lori, anarudi mara moja kwa wiki mbili, anafua, analala, anaondoka. Watoto hawakujaliwa. Aliyemsikiliza kutwa nzima akilalamika juu ya mikono ya mashati na wateja wasiojua wanachotaka ni Hakimu peke yake. Ile sindano alikuwa akiiwaza hata anapotunga uzi kwenye cherehani.

Basi akaweka utaratibu. Daftari lake la vipimo lilikuwa na wateja kwa mbele. Yeye akaligeuza kichwa chini, na kurasa za nyuma zikawa za Hakimu: saa aliyokula, gramu, choo kikoje, ametapika nini, na kila Jumamosi uzito. Akatenga na bakuli moja la buluu, marufuku kutiwa kitu kingine. Kwa utaratibu huo paka alipaswa kunenepa. Wiki ya kwanza akaongezeka kidogo, kisha akaanza kushuka, na daftari halisemi uongo.

Kuna mtu anamlisha.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa jirani wa mlango wa pili, muuza samaki. Fundi alimfuata mezani kwake.

"Jirani, nakuuliza kwa heshima. Unampa paka wangu chakula?"

"Mimi?" Muuza samaki aliweka kisu chini. "Paka wako akipita hapa ananitazama kama nimeiba. Nimpe kwa lipi?"

"Kuna mtu anampa."

"Basi anzia kwako, mama. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ndiye mshonaji."

Fundi aliondoka bila kuaga. Hata hivyo lile neno lilimwingia. Siku hiyo akafunga uzi mweusi kwenye mlango wa nyuma, kimo cha paka, na mwingine kwenye dirisha la jikoni. Jioni nyuzi zote mbili zilikuwa nzima, hazijaguswa. Hakimu alitapika wali.

Ndani ya nyumba walikuwamo watu wawili tu, Fundi na mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nao miezi minne nyuma, baada ya paa la nyumba yake kuanza kuvuja mpaka kitandani. Mwanamke wa mdomo, huyo. Siku ya kwanza alipoona kifua cha kuku kinapimwa kwenye mizani alishika kiuno akacheka mpaka machozi. "Paka anachemshiwa kuku! Jamani, dunia imekwisha. Sisi wengine tulizaliwa mapema." Na siku nyingine, Fundi akimpa Hakimu kidonge huku amemzungushia taulo, alisema taratibu tu, "Mjukuu niliyeletewa ana mkia." Fundi akakaza taulo. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba, na alikuwa hajalitema bado.

Sasa alianza kumwangalia kwa jicho la pembeni, na ukimwangalia mtu kwa jicho hilo utayaona mengi. Kwa nini mama anang'ang'ania kula jikoni peke yake? Anasema cherehani inampigia kelele. Kwa nini anaosha sahani yake mwenyewe kabla mtu hajaiona? Na kwa nini anaosha na lile bakuli la buluu? Tangu lini mtu anayemcheka paka akamwoshea bakuli? Asubuhi anauliza, kama hataki vile, "Leo umemchemshia kiasi gani?" Ya nini kuuliza kama huna lako jambo?

Hata magauni Fundi aliyatilia shaka. Mara ya tatu sasa mama mkwe anamletea gauni alipunguze kiuno.

"Mama, umepata mchumba nini?"

"Mchumba gani! Limelegea kwa kufuliwa. Nipunguzie tu, nisionekane nimevaa hema."

Fundi akampitishia utepe, akaandika, akashona. Moyoni akasema: haya, tunajirembesha, na nyumba ina mgonjwa.

Akampigia mumewe simu. "Mama yako anampa paka sumu."

"Sumu!"

"Mchuzi."

"Mchuzi sumu? Mchuzi ni mchuzi."

"Kwake yeye ni sumu, hata daktari kasema. Mama yako hampendi Hakimu, anataka afe."

Upande wa pili lori lilisikika likinguruma. "Umemwona kwa macho yako?"

"Sijamwona."

"Basi usimseme mama yangu kwa jambo hujaliona. Ukishamwona, niambie." Akakata.

Jumamosi mizani ya Hakimu ilisoma kilo mbili na gramu mia tatu. Zilibaki gramu hamsini kufika kwenye sindano. Fundi alimshusha kwenye mizani, akaukumbatia ule mfuko wa mifupa, akalia. Kisha akafuta uso kwa kipande cha bitana akaapa kwamba Jumatatu ataona kwa macho yake.

Ugumu ulikuwa mmoja. Mama mkwe alimfuatilia kwa sikio. Cherehani ikinguruma, huko jikoni vijiko vinagonga. Cherehani ikinyamaza na jikoni kunanyamaza. Jumatatu mchana Fundi alipakua kama kawaida, wali na mchuzi kwenye sahani ya mama, gramu arobaini kwenye bakuli la Hakimu. "Mama, karibu chakula, mimi namalizia sare za wanafunzi." Akarudi chumba cha mbele. Akachomoa uzi kwenye sindano, akainua ule mguu wa cherehani unaobana kitambaa, usiume kitu, akachukua pasi iliyopoa akaiweka juu ya pedali ya umeme. Cherehani ikaanza kukimbia peke yake, kama yuko fundi wa mizimu. Yeye akavua ndala, akanyata.

Mlango wa jikoni ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Mama mkwe ameketi kwenye kigoda, bakuli la buluu liko mapajani. Alikuwa akimchambua kuku kwa vidole, nyuzi nyuzi, akitia kinywani kidogo kidogo na kutafuna muda mrefu, macho ameyafumba. Miguuni pake iko sahani ya wali na mchuzi, ile ile aliyopakuliwa, na Hakimu amezamisha uso humo mpaka masharubu yamekuwa mekundu.

"Polepole, wewe," mama mkwe alimnong'oneza paka. "Ukitapika leo tutajulikana sote wawili."

Fundi akausukuma mlango.

"Mama! Kumbe ni wewe! Wiki ngapi sasa sina raha, nimegombana na jirani, nimefunga nyuzi kwenye milango kama mwendawazimu, na anayeniulia paka nampakulia mwenyewe! Amekukosea nini huyu? Au kwa sababu ana mkia?"

Maneno mengine alikuwa nayo, ameyafanyia mazoezi, lakini hayakutoka. Mama mkwe hakubisha. Hakutoa hata ule mdomo wake. Alijaribu kusimama na bakuli mkononi, akashindwa, akashika ukingo wa meza. Mkono wa gauni ukapanda, na Fundi akauona mkono wenyewe, mfupa na ngozi.

"Unakula chakula cha paka," alisema, sauti imeshuka.

"Hakina pilipili. Nikikila kinakaa."

"Na ninachokupikia mimi?"

"Kitamu, mwanangu, sikufichi. Lakini kikifika hapa," akajigusa chini ya kifua, "kinageuka moto. Kingine kinarudi. Kingine..." Akaona haya kumalizia.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu hii."

"Mama, na hukusema!"

"Ningesemaje? Si mimi niliyecheka paka kuchemshiwa kuku? Leo nije nikwambie, mkwe wangu, na mimi niwekee kama cha paka? Ungeniangalia vipi?" Alimtazama Hakimu, ambaye hakuacha kula. "Sikutaka afe. Mwanzoni nilikuwa namwachia nusu. Lakini ukiwa na njaa, mwanangu, nusu haitoshi."

Fundi aliiondoa sahani mbele ya paka, kisha akakaa chini sakafuni, mbele ya kigoda. Akauliza anayoyajua kuuliza.

"Unatapika mara ngapi kwa siku? Choo chepesi au kigumu? Rangi yake?"

Mama mkwe akacheka kidogo. "Unaniuliza kama paka."

"Nijibu, mama. Kuna damu?"

Kicheko kikaisha. "Ipo. Kidogo."

Chumba cha mbele cherehani ilikuwa bado inanguruma, haishoni kitu. Fundi akaenda kuondoa pasi. Daftari lilikuwa palepale, limefunguka upande wa Hakimu. Akaligeuza, akatafuta upande wa wateja, na hakuchukua muda kupata. Mama, kiuno, inchi thelathini na sita. Mama, kiuno, thelathini na nne. Mama, kiuno, thelathini na moja, lipunguzwe pande zote mbili. Kila moja ina tarehe yake, kwa mwandiko wake mzuri. Alikuwa amempima kwa mikono yake mara tatu, na mara ya tatu amemtania.

Kesho yake asubuhi walikwenda hospitali. Hakimu aliachwa kwa muuza samaki, ambaye Fundi alimwomba radhi huku akimkabidhi bakuli la buluu. "Kuku tu, jirani. Hata alie." "Nimesikia, kuku tu, nenda na mama yako."

Daktari wa watu alikuwa bwana mmoja mwenye miwani na foleni ndefu mlangoni. Alimbonyeza mama mkwe tumbo, akamwona anavyokunja uso, akauliza, "Ulianza kukonda lini, mama?"

"Sijui, baba. Nimeshtukia tu."

Fundi akafungua daftari akamsomea tarehe na inchi. Daktari alinakili zote, akavua miwani akamtazama.

"Nani alikuwa akiandika haya?"

"Mimi."

"Hongera sana. Wagonjwa wangapi wana mtu wa kuwafuatilia namna hii?"

"Huyu mkwe wangu," mama mkwe akadakia, akimpiga Fundi goti kwa kiganja, "hapitwi na kitu. Ananiangalia kuliko binti wa kumzaa."

Fundi akainamisha uso kwenye daftari. Daktari akaandika karatasi ya vipimo, akasema hataki kuchelewa, waende dirisha la tatu sasa hivi.

Nje kwenye ukumbi Fundi alisema, "Mama, kwa nini umemwambia vile?"

"Ulitaka nimwambieje? Kwamba ulikuwa unamwona paka tu?"

"Ndiyo. Ungemwambia hivyo."

"Hayo ya nyumbani." Mama mkwe alivuta pumzi. "Nishike, miguu haina nguvu."

Wakasimama kwenye foleni ya dirisha la tatu. Fundi akampitishia mama mkwe mkono kiunoni ili amwegemee, na mkono wa fundi haujui kupumzika, ukampima palepale bila kuulizwa. Thelathini, au pungufu.