Mwali Mwenye Masharubu

Akida Mbwana alileta amri kama mtu anayebwaga mzigo wa kuni: akaitupa uani, akataka kuondoka. Tarehe ishirini na saba ya Januari wanawake wote wa muheme wafike bomani Mpwapwa na ngoma zao, wacheze mbele ya Bwana Mkubwa, maana siku hiyo Kaizari, mfalme wa Wadachi, amezaliwa.

Nyemo, ambaye ndiye aliyeshika ngoma kubwa ya kijiji, aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili zake angeuliza. Amezaliwa lini? Akida akajibu kwamba ni miaka karibu hamsini sasa. Na mwaka huu je, aliyezaliwa ni nani? Ni yeye yule. Na mwaka jana? Yeye yule. Nyemo akamtazama mkwewe, yaani mama wa mumewe, Matonya, na mkwewe akatazama chini, kwa sababu kumcheka akida kulikuwa na bei yake.

Lakini tabu haikuwa kuzaliwa kwa Kaizari. Azaliwe apendavyo, huko ni kwao. Tabu ilikuwa ngoma. Muheme si kitu cha kuchezea. Ni ngoma ya wanawake, hubanwa mapajani ikapigwa kwa viganja, nayo hulia siku moja tu: siku binti aliyewekwa ndani anapotolewa nje mbele za watu. Ikilia bila mwali, matumbo ya kijiji kizima hukauka, wanawake hawazai. Hivyo walisema mabibi, na hajatokea mpumbavu wa kujaribu aone. Januari ni palizi, uwele umefika magotini, hakuna binti aliye ndani. Sasa mtampigia nani?

Nyemo angekataa. Wallahi angekataa, hata kwa kiboko. Ila akida, mguu mmoja ukiwa tayari njiani, aliongeza neno: siku hiyo Bwana Mkubwa huwasamehe wafungwa kadhaa, na ngoma ikimfurahisha, huenda Matonya akawa mmojawapo.

Matonya alikuwa kifungoni bomani. Alichukuliwa kubeba mizigo ya Serikali kwenda Kilosa, akafika nusu ya njia, akaona mawingu, akakumbuka shamba lake halijalimwa. Basi akautua mzigo kwa adabu kabisa chini ya mti, akarudi nyumbani kushika jembe. Kwake yeye alikuwa amefanya jambo la busara. Wakampa mnyororo wa miezi sita. Nyemo alikuwa na miezi miwili analala peke yake na kupalilia peke yake, na alimtaka mume wake, basi. Akajitwika ngoma kichwani.

Walitembea siku moja na nusu, wanawake tisa na ngoma nne. Boma lilikuwa limefurika. Kulikuwa na wapiga zeze, kulikuwa na ngoma ya askari wa Kinyamwezi iliyotimua vumbi mpaka juu, na kivulini walikaa Wazungu kwenye viti, wamenyamaza. Hawaitikii wimbo, hawatikisi hata bega. Wimbo ukiisha wanapiga makofi, kisha wananyamaza tena. Nyemo alidhani wamekasirika. Mkwewe alidhani wanaumwa. Ngoma gani hii, ya mtu kukaa akaitazama?

Halafu akawaona wafungwa, wamepangwa mstari karibu na bendera, shingo kwa shingo. Matonya alikuwa wa nne. Wamemnyoa, mifupa ya mabega imetokeza. Akamwona mkewe na ngoma kubwa kifuani, uso ukamvurugika, kwa kuwa naye alijua kwamba si msimu wake.

Mkalimani wa boma aliitwa Zaidi, Mrangi wa Kondoa, mtu mpole aliyevaa kanzu safi. Alimwamkia mama yake Matonya shikamoo, akawaonyesha wanawake pa kusimama. Mbele yao kulikuwa na kiti, na juu ya kiti kitu kimefunikwa shuka jekundu. Nyemo akauliza ni nini. Zaidi akasema ndiye Kaizari. Si mwenyewe, ni picha yake. Siku zote hukaa ndani, chumbani kwa Bwana Mkubwa, watu wa kawaida hawamwoni. Leo ndiyo siku ya kumtoa.

Mama yake Matonya akamshika Nyemo mkono, akambana hasa.

"Anakaa ndani," akasema polepole. "Haonekani na watu. Leo anatolewa, amefunikwa shuka. Mwanangu, huyu ni mwali."

Nyemo alitazama tena lile shuka. Lilikuwa jambo lisilowezekana, na hata hivyo kila kipande chake kilikuwa mahali pake. Ndiyo maana Wazungu wamekaa kimya: ndio wazazi, na wazazi wa mwali hawachezi. Ndiyo maana kaletwa kuku, kaletwa mbuzi. Askari akavuta shuka. Uso mweupe ukatokea, umekunja ndita, na chini ya pua masharubu yamesimama wima kama pembe za ng'ombe dume.

"Ana masharubu," Nyemo akanong'ona.

"Wazungu wana mambo yao," akajibu mkwewe. "Piga."

Akapiga. Mungu wangu, alipiga! Mwali yupo, hofu ikamtoka, mikono ikajiachia. Mama yake Matonya hakungoja ruhusa. Alikwenda kwenye kile kiti, akaichukua picha, akaketi nayo chini katikati ya duara, akaipakata mapajani kama mwali anavyopakatwa. Wakamwimbia mafunzo yake yote kwa Kigogo: amka kabla ya jogoo, mgeni mpe maji kabla ya kumuuliza habari, usile cha jirani bila kuomba, usiingie nyumba ya mtu bila hodi. Bwana Mkubwa akamuuliza Zaidi wanasema nini. Zaidi, aliyejua Kigogo vizuri mno kwa usalama wake, alijibu kwamba wanamsifu.

Mafunzo huimbwa mara mbili. Mara ya kwanza ni ya sikio, ya pili ni ya moyo, na kati ya hizo mwali hupakwa mafuta. Mama yake Matonya akachovya kidole kwenye kibuyu cha samli, akampaka Kaizari paji la uso na mashavu, juu ya kioo. Bwana Mkubwa akainuka ghafla. Ngoma zikakatika. Zaidi akaeleza haraka haraka kwamba ni heshima, bwana, heshima kubwa, hawapakwi watu ovyo. Bibi mmoja wa Kizungu akasema kitu huku akitabasamu, na Bwana Mkubwa akaketi. Wakapiga makofi.

Kisha Zaidi akapewa karatasi ya msamaha. Akasoma majina saba. Nyemo alingoja la nane. Zaidi akaikunja karatasi.

Nyemo hakuelewa. Wamepiga makofi, si ndiyo furaha yao? Au makofi ndiyo hasira? Akamtafuta akida kwa macho, na akida alikuwa ameshughulika sana kuwatazama mbuzi. Huko mstarini Matonya aliinamisha kichwa kama aliyekuwa akijua tangu mwanzo. Nyemo alisimama na ngoma yake, hajui amekosea wapi, hajui amwombe nani.

Ndipo askari wawili wakaja kumchukua Kaizari warudi naye ndani.

Wanawake wakafunga duara. Hawakuambizana. Hata kipofu anajua kwamba mwali hatoki mikononi mwa wanawake wa ngoma mpaka ndugu zake watoe kitu cha kumgombolea. Ndugu huja wakacheka, wakabishana kidogo, wakatoa mbuzi. Askari hawakucheka. Mmoja akashusha bunduki begani.

Bwana Mkubwa akauliza kuna nini. Zaidi alijikohoza.

"Ni desturi yao, bwana. Mwali harudi kwao mpaka kungwi wake apewe haki yake."

Bwana akauliza mwali ni nani. Zaidi akatazama picha, akatazama bendera, akatazama tena picha, akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ni Kaizari.

Kisha yule bibi wa Kizungu akaangua kicheko, wageni wengine wakamfuata, na shingo ya Bwana Mkubwa ikawa nyekundu. Alimtazama yule mwanamke mzee aketiye mavumbini. Alikuwa ameikumbatia picha kwa mikono miwili, na ukinyang'anya kioo, kioo huvunjika, tena mbele ya wageni, tena siku hiyo hiyo ya Kaizari. Akauliza wanataka nini.

Zaidi akamsogelea Nyemo. "Mama, sema mbuzi, mwende zenu salama. Nakusihi."

Nyemo alikuwa bado hajaelewa lolote la siku ile, wala Kaizari, wala makofi. Hili moja alilielewa.

"Mbuzi ninaye nyumbani," akasema. "Namtaka Matonya. Wanipe wangu, wamchukue wao."

Zaidi akamfikishia Bwana Mkubwa maneno hayo. Bwana Mkubwa akamnyooshea kidole mwenye funguo. Pete ya mnyororo ilipofunguliwa shingoni mwa Matonya, mama yake aliipangusa picha kwa pindo la nguo yake, akaikabidhi kwa askari kwa mikono miwili, na kumwambia aichukue taratibu.

Jioni walikuwa njiani, Matonya amejitwika ile ngoma kubwa ingawa si kazi ya mwanamume, na hakuna aliyemkataza. Kila mara alijipapasa shingo. Akamuuliza mkewe, yule waliyemtoa alikuwa mtoto wa nani hasa.

Nyemo akasema asimuulize yeye, kichwa chake kimejaa. Alitembea hatua kadhaa, kisha akasimama.

"Lakini mama," akamwambia mkwewe, "tulikatizwa. Mara ya pili hatukumwimbia."

Mkwewe alifikiri. "Kweli," akasema. "Ile ya hodi aliisikia kwa sikio tu, moyoni haikufika."

Wakaendelea na safari, maana palizi ilikuwa inawangoja.