Umeme wa Alfajiri

Cherehani ilinyamaza katikati ya mshono, sindano ikiwa imezama kwenye hariri nyeupe, na taa juu ya meza ikafifia. Fundi aliondoa mguu kwenye pedeli akabaki ameshikilia gauni la harusi la mpwawe, binti wa dada yake mkubwa. Ndiyo kwanza asubuhi, hajamaliza hata mkono mmoja, na betri za gari-nyumba walimoishi zilikuwa hoi tena.

Mumewe alikuja kuchungulia kioo cha namba ukutani, kinachoonyesha chaji ya betri. Kambi nzima ilimwita Rubani, kwa jinsi alivyoukalia usukani wa dubwana lile kama anayesubiri ruhusa ya kuruka. Maisha yake yote alikuwa makanika wa mabasi, na akisema jambo kuhusu gari, fundi hakuwa na la kuongeza. Akasema kwa upole kwamba hiyo ni kazi ya jana: alishona mpaka jua likazama, paneli za sola juu ya paa hazikupata nafasi ya kujaza betri. Cherehani inakula umeme mno. Fundi aliona haya, kana kwamba amekutwa akidokoa chakula jikoni.

Wiki hiyohiyo gauni likarudishwa kwa dada yake, likatafutiwa fundi mwingine. Fundi alimwomba dada yake radhi kwa simu, akilia. Rubani ndiye aliyemsaidia kulikunja. Aliweka karatasi laini kati ya mikunjo, taratibu, akampigapiga mkewe begani.

Fundi hakumlaumu. Duka lake la ushonaji alilifunga kwa hiari, kwa ajili ya ndoto ya mtu huyu: kustaafu, kununua gari-nyumba, kuvuta gari dogo nyuma yake, na kulala kila mahali palipowapendeza. Walikubaliana kwamba kazi basi, kwa wote wawili. Cherehani ilikuja kama kumbukumbu tu, na sasa hata kumbukumbu ilikuwa imefunikwa kitambaa. Kila alfajiri Rubani alikwenda kutembea, kwa agizo la daktari, akarudi na mkate wa moto mkewe akiwa bado anajinyoosha. Usingizi wa fundi wa saa hizo ulikuwa mzito kama gogo.

Alfajiri moja jino lilimuuma likamwamsha. Alikuwa anatafuta maji ya chumvi asukutue alipomwona mumewe dirishani, amechuchumaa ubavuni mwa gari dogo. Gari lile lilikuwa la petroli na umeme, la kuchomekwa kwenye soketi, ila tangu wafike kambi hii isiyo na umeme wake, fundi alijua linakunywa petroli tu. Rubani alichomoa waya ubavuni mwa gari, akausukuma chini ya gari-nyumba, akaingia garini. Gari likarudi nyuma bila sauti yoyote, likapita getini.

Fundi alitoka na kanga yake ya kulalia. Ncha ya pili ya waya ilikuwa bado kwenye soketi ya nje ya gari-nyumba, ile ya taa ya barazani, na ilikuwa na joto. Alisimama pale ameishika, akilikumbuka gauni na ile mikono iliyolikunja. Maumivu ya jino aliyasahau kabisa.

Rubani aliporudi alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, waya mapajani. Ovaroli ilikuwa imetupwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Alisimama na mkate wake.

"Niambie," mkewe alisema. "Cherehani yangu inakula kiasi gani?"

Rubani aliutazama waya. "Kidogo. Haifiki hata ya friji."

Mengine yalimtoka yenyewe. Kuna karakana ya mabasi mjini, anayakagua kabla hayajaingia barabarani. Mwezi wa pili tu wa safari alikuwa ameshachoka kukaa, anaamka hajui mikono yake aipeleke wapi. Angewasha injini, ingemwamsha mkewe; ndiyo maana kila usiku alilichaji gari kwa betri za gari-nyumba.

"Ungeniambia umechoka, ningekucheka, tukarudi," fundi alisema. "Duka ningelifungua tena."

"Ndoto ilikuwa yangu mimi. Niliona aibu."

"Ukaona bora niibebe mimi. Nimemwomba dada yangu radhi nikilia, na wewe umesimama hapo umeshika karatasi."

Rubani aliweka mkate juu ya boneti. Akasema atamwendea shemeji yake leo hii, alifuate gauni, aeleze kila kitu. Akasema atafunga betri nyingine, kubwa zaidi. Alikuwa na mengi ya kutengeneza, na aliyasema yote kwa haraka, huku mkewe akiukunja waya, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ukaisha. Akamkabidhi.

"Kesho uwashe injini," alisema. "Nataka nikusikie ukiondoka."