Kichwa cha Nyamweya

Nyamweya alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa kazi yake. Akipata wembe mkuukuu wa kukunja, ule ulioliwa na kutu na kujaa mapengo hadi mzungu wa shamba akautupa, alisahau hata kula. Pale sokoni Keumbu aliuweka kwenye jiwe lake la kuzungushwa kwa mguu, akiudondoshea maji polepole, maana chuma kikipata moto kikageuka buluu, makali yamekufa na hayafufuki. Mapengo yakiisha, alihamia jiwe bapa, kisha ukanda wa ngozi. Mwisho aliujaribu kwenye mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana mikono yake haikuwa na hata unywele mmoja.

Asubuhi moja, wakati wa vita vya Burma, akaja Eliakim Okoth, mtu wa pande za ziwa aliyekuwa na kibanda cha kinyozi mjini Kisii. Alikuwa amefuata nyembe zake. Akaokota mmoja, akaugeuzageuza juani, akakunja uso.

"Mzee, hii inang'aa tu. Kung'aa si kukata."

"Lete mkono wako basi."

"Mkono si kichwa. Mimi nanyoa vichwa."

Hapo Nyamweya akapandwa na mori. Akavua kofia, akajipaka sabuni, akaanza kujinyoa kwa kupapasa.

"Wee mzee, kinyozi hajinyoi!" Okoth akaangua kicheko.

"Mimi si kinyozi. Mimi ni fundi."

Akanyoa chote, kuanzia utosi hadi kisogo, bila tone la damu. Okoth akaona haya, akamwomba wafuatane mjini akamnolee na zile zilizobaki kibandani. Nyamweya akakubali, ila hasira ilikuwa haijamtoka. Alitembea kimya, uso ameukunja, upara unawaka jua.

Alichosahau ni jambo ambalo mtoto wa Kisii hulijua kabla ya kujua kusoma: kwao mzee hakwangui kichwa chote kwa wembe hivihivi. Hukikwangua akifiwa. Na Nyamweya alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Ombui, aliyechukuliwa na Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa vitani, na habari zake zilikuwa zimekatika zamani. Basi jirani yake Bitutu, aliyekuwa akileta ndizi sokoni, alipokutana naye njiani akiwa na kichwa kile na uso ule, akielekea mjini kuliko na ofisi za serikali, hakuuliza kitu. Nani humhoji mfiwa barabarani? Aligeuka na ndizi zake kichwani, akarudi kijijini kwao Birongo analia njia nzima.

Kazi ilikuwa nyingi, Nyamweya akalala mjini. Kesho yake mchana, alipofika kwake, alikuta uani hapana pa kukanyaga. Watu wa kanisa la Sabato walikuwa wakiimba nyimbo za matanga. Akamdaka ndugu yake Ogari kwa mabega.

"Nani amekufa? Ogari, nani?"

Ogari alimtazama kichwani. "Ndugu yangu, unatuuliza sisi? Wewe ndiye uliyenyoa."

Nyamweya akajishika kichwa, mkono ukateleza. Ndipo akaelewa.

"Hakuna aliyekufa!" akapiga ukelele. "Nilikuwa najaribu wembe!"

Wimbo ukakatika. Bitutu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nyamweya hakungoja kulaumiwa, akakimbilia ndani.

Mkewe, Mong'ina, alikuwa ameketi chini, kichwa kitupu, kimenyolewa jana ileile. Kumwona hivyo kulimchoma vibaya. Akapiga magoti, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mama Ombui, inuka! Ni upumbavu wangu. Sikuletewa habari yoyote."

"Hukuletewa?"

"Sikuletewa hata kidogo."

"Kwa hiyo mwanangu yu hai?"

"Sijui," Nyamweya alisema.

Mong'ina hakumkasirikia, na hilo lilimtisha zaidi.

"Tangu aondoke sijalala, Baba Ombui. Jani likianguka, naamka, nasema ni yeye. Jana nililia mpaka nikaishiwa machozi. Halafu nikalala. Nililala mpaka jua likanikuta kitandani." Alimtazama kwa macho makavu. "Sasa unataka nianze tena."

Akainuka, akajitanda leso, akapita katikati ya waombolezaji bila kumsemesha mtu, akaenda kusimama langoni, akiangalia barabara.

Nyamweya alibaki mlangoni akiutazama mgongo wake. Na kwa mshtuko alijikuta akitamani, Mungu amsamehe, kwamba angekuwa amefiwa kweli.