Mwizi wa Gome la Mkafuri

Bi Miti, ndivyo walimu walivyomwita mama aliyetembeza wanafunzi katika bustani ya miti, alikuwa na pua isiyodanganyika na moyo usioamini mtu. Tangu alipoona gome la mkafuri limebanduliwa, moyo huo ulizidi ugumu. Mkafuri ulikuwa mmoja tu bustanini, mkongwe, na jeraha lake lilizunguka shina kama mshipi. Yeye mwenyewe aliwafundisha watoto kila ziara: mti ukivuliwa gome pande zote, chakula hakishuki mizizini, basi umekufa umesimama. Na ncha za mshipi ule zilikuwa karibu kukutana.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia meneja. Huyo wa nguoni alikuwa shemeji yake, mlinzi wa lango, mume wa mdogo wake.

Ushahidi? Alipomtembelea mdogo wake, harufu ya kafuri ilimpokea mlangoni.

"Mama mkwe anakohoa, dada. Namchua kifua," mdogo mtu alisema, akimwonyesha kichupa cha dawa ya dukani.

Bi Miti alikigeuzageuza kichupa, akakirudisha. Hakuamini. Kichupa huweza kujazwa chochote.

Basi ikawa kila shemeji amalizapo zamu, humkuta anamsubiri langoni.

"Lete mikono, shemeji."

"Ya nini tena?"

"Lete tu."

Akainusa, wa kulia na wa kushoto, mbele ya wakata tiketi waliojikaza wasicheke. Leo inanuka vitunguu, kesho sabuni. Kutonuka kafuri nako kukawa ushahidi: asiye na hatia ananawa hivyo kwa nini? Mlinzi alimeza machungu yake. Mdogo mtu akaacha kupokea simu za dada yake. Meneja naye akasema mkataba wa mlinzi ukiisha mwezi huu, hautaongezwa.

Likaja darasa la wadogo. Bi Miti akalifanyia kama alivyozifanyia shule zote, na msimu huu shule zilimiminika, maana somo lake lilisifiwa mno.

"Uzungukeni mti, kila mtu na nafasi yake. Haya, kwaruzeni kwa ukucha, mnuse. Kidogo tu, haidhuru."

Macho husahau, alipenda kusema, pua haisahau. Akakwaruza naye, kuwaonyesha. Halafu akatazama.

Mikono yote ilikuwa juu ya jeraha. Hakuna mtoto aliyejinyoosha, hakuna aliyeinama. Mshipi ulipita usawa wa vifua vyao, pande zote walizosimama. Shemeji yake, mrefu vile, angelazimika kupiga magoti kuubandua.

"Acheni!"

Watoto wakashtuka, mikono hewani. Mmoja akaanza kulia.

"Hamjakosea nyinyi," akasema. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Ziara baada ya ziara, ukucha baada ya ukucha, na yeye ndiye aliyewapanga duara.

Alipowasindikiza hadi langoni, shemeji yake alikuwa akikabidhi zamu. Kumwona tu, bila kuambiwa, mlinzi akanyoosha mikono yake miwili na kugeuza uso pembeni, kama mgonjwa anayengoja sindano.

"Nusa, niende zangu."

Bi Miti alikuwa ameificha mikono yake nyuma ya mgongo. Akaitoa polepole, akamnyooshea.

"Leo nusa wewe, shemeji."

Mlinzi hakuhitaji kuinama, harufu ilikwisha kumfikia. Akamtazama, kisha akawatazama watoto waliokuwa wakinusa vidole vyao, na akaelewa.

"Nitakwenda kwa meneja sasa hivi," Bi Miti akasema. "Nitamweleza yote."

"Meneja atangoja," mlinzi akajibu, akichukua mfuko wake. "Mdogo wako analia kila siku. Anza naye."