Kamba ya Chui na Mbuzi

Kuna kitendawili Mama Nkandu alichopenda kuwategea wajukuu wake: asubuhi ananitukana, siku nikifa ananizika. Wajukuu walijua jibu: munungwe, mtu wa ukoo unaotaniana na ukoo wako. Mashine ya ushirika wa samaki pale Nchelenge haikulijua.

Mashine ilikaa ndani ya simu ya Boyd, karani wa chumba cha barafu. Kwa mashine hiyo kila mtu ni fundo na kila uhusiano ni kamba: undugu, ukwe, biashara, kanisa, utani, ugomvi. Kazi yake ni kupanga nani na nani watumie sanduku moja la barafu bila kugombana. Kamba zilikuwa aina nyingi, simu ndogo, basi Boyd akazisokota zote kwa nyuzi chache zilezile, kama wa kusaidiana na wa matusi, kamba hii ikipewa uzi fulani zaidi, ile kidogo. Hapo hakukosea. Ila utani aliupa uzi mmoja tu, wa matusi, ukatoka sawasawa na ugomvi.

Mashine ikamtoa Mama Nkandu, wa ukoo wa Mbuzi, kwenye sanduku la Clotilde, mchuuzi wa ng'ambo ya ziwa, wa ukoo wa Chui. Sanduku lingine halikuwepo. Samaki wabichi wako kwenye beseni, na jua limeshapanda.

"Ni nani alikuambia Clotilde ni adui yangu?" Mama Nkandu akamuuliza Boyd.

"Ni mashine, mayo, mama yangu. Munatukanana kila siku."

"Na weye haukujua sababu? Mama yako, banani balimuzika?"

Boyd akainama. Ni banungwe, watani wa ukoo wake, waliomchimbia mamake kaburi, huku wakimtania mpaka udongo ukamfunika. Akasema uzi wa kusaidiana upo tayari, ule wa kwenye undugu, ni kuupima upya tu na kuutia kwenye kamba ya utani. Atafanya mwezi ujao. Hapo ndipo damu ilipomchemka Mama Nkandu. Kumbe alijua, akaona uvivu! Samaki nao wangoje mwezi?

Clotilde, aliyekuwa akisikia yote, akatokea, akanyanyua beseni bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Mbuzi muzee, unanuka kupita samaki yako," akasema, akiwamwaga sandukuni mwake.

"Chui ya bila meno."

Asante haikutamkwa. Munungwe ukimshukuru, hapo ndipo umemtukana kweli.

Boyd akanung'unika kwamba mashine bado inakataa.

"Andika: huyu mbuzi ndiyo atanizika," Clotilde akamwambia. "Na uzi ule wa kusaidiana, uuongeze leo. Tunakuangalia."

Wakakaa wote wawili juu ya mfuniko wa sanduku, wakaendelea kutukanana, mpaka Boyd akaanza kuandika.