Gari la Kaka na Matuta ya Mtaani

Kaka yangu alinunua gari jipya, limelala chini kiasi kwamba hata paka wetu hapiti uvunguni. Eti linatoka sifuri hadi mia kabla hujamaliza kupiga chafya. Haya. Mtaa wetu una tuta kila baada ya nyumba chache, sasa hiyo mia angeipatia wapi, chooni?

Mimi nilibaki na gari la marehemu baba, la milango minne, pana kama kabati la nguo. Ni kuukuu na kuliwasha ni mpaka ulibembeleze, lakini kiti cha nyuma unalala usingizi mnono.

Ikafika siku ya mama kupasuliwa macho. Daktari bingwa alikuwa mgeni, anaondoka siku hiyohiyo. Ukikosa zamu yako, ungoje mpaka arudi, na lini atarudi hakuna aliyejua. Mama alikuwa anaona ukungu mtupu, anatutambua kwa sauti.

Nilipowasha gari la baba, kaka akaja juu.

"Mama apelekwe hospitali na hilo kopo, na mimi nipo? Watu watasema nini?"

"Watasema amefika," nikamjibu.

Wapi! Akamkunja mama, akamsokomeza ndani ya gari lake. Nikafuata nyuma, roho juu juu.

Kwenye tuta la kwanza kaka akasimama, akashuka, akachungulia uvungu. "Mama, shuka kidogo, gari linyanyuke." Mama akashuka. Kaka akavuka mshazari, taratibu, amekunja uso utadhani yeye ndiye anayekwaruzwa tumbo. Mama akapanda. Tuta la pili, vilevile. La tatu, mama akagoma kupanda.

"Acha nitembee tu, baba. Nakuchelewesha."

Basi akawa anatembea, anapapasa kuta, na gari lenye mbio kuliko yote mtaani linamfuata nyuma. Wasusi walitoka nje ya saluni, wakaacha vichwa vya watu nusu nusu.

Hasira zikanipanda. Nikamshika mama mkono, nikamketisha kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba. Gari lilipanda matuta likilalamika kila kiungo, lakini lilipanda. Tulimkuta muuguzi ameshaanza kumwita mgonjwa mwingine. Nilipiga kelele mpaka akamrudia mama.

Kesho yake bandeji zikatolewa. Kaka alikuwa uani mwa hospitali, gari limeoshwa linang'aa, ameliegemea.

"Haya mama, tazama sasa!"

Mama akatazama. Akalipita gari, akamwendea yeye, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mbona umekonda hivi?"

"Mafuta yamepanda, mama. Na injini hii, unajua, nguvu zake..."

"Sijauliza habari za gari. Wewe umekula lini?"

Kaka akatazama viatu vyake.

"Jana," akasema. "Asubuhi."